Katheta ilikataa kupita shingoni kwa mama. Umbo la ateri lina uzito kiasi hiki?

Mtoto_wa_Tatu

Wakuu, habari. Naomba msaada wa kuelewa jambo moja, na naomba mniandikie taratibu kwa sababu mimi si mtu wa afya.

Mama yangu ana miaka 63. Presha anayo siku nyingi na dawa anameza. Miezi miwili iliyopita alipigwa MRI kwa sababu ya kizunguzungu, wakakuta kitu ambacho hawakuwa wanakitafuta: anurizimu, yaani ukuta wa ateri ya ubongo umevimba na kutengeneza kifuko. Kina milimita 7, kiko mbele, pale ateri mbili za mbele ya ubongo zinapounganishwa na kijiateri kifupi. Hakijapasuka. Tukaelezwa kwamba wataingia kwa kupitia mshipa wa kinena, wapandishe katheta, yaani mrija mwembamba, hadi kichwani, wajaze kile kifuko koili za platinamu, yaani nyuzi laini zinazojikunja, na fuvu halitaguswa. Tukakubali.

Siku yenyewe tulikaa nje zaidi ya saa tatu. Daktari akatoka na kofia yake bado kichwani, akasema: "Mama yuko salama, anaamka. Sijaweka kitu. Njia imepinda mno, nimeona nisimame." Hayo tu, kisha akaitwa ndani.

Kwenye karatasi ya kuruhusiwa imeandikwa: tao la aota aina ya 3, karotidi ya ndani ya kulia (ateri ya shingo inayopeleka damu ubongoni) ina kitanzi kamili shingoni, utaratibu umesitishwa, mgonjwa arudi kliniki baada ya wiki nne.

Nyumbani hali si nzuri. Kaka yangu anasema daktari hakuwa na ujuzi. Mama anasema ateri zake ni mbovu na tusihangaike naye tena. Mimi nimekwama kwenye swali dogo tu: ugonjwa uko kichwani, sasa kupinda kwa ateri ya kifuani na ya shingoni kunazuiaje tiba? Na je, kuna mlango mwingine wa kuingilia, au ndiyo basi?

MezaYaPicha

Ndugu yangu, pole, na mama mfikishie pole zangu. Mimi si daktari. Ni radiografa, na mwaka huu natimiza miaka 14 nikisimama kando ya meza ya anjiografia, yaani ya kupigia picha mishipa ya damu, nazungusha mashine ya eksirei wakati daktari anaendesha waya. Kazi yangu ni kutazama kioo. Ateri za shingo nimezisoma kama wengine wanavyosoma maandishi ya mkono, kila mtu na mwandiko wake.

Sikuwepo siku ile, kwa hiyo daktari wenu siwezi kumsemea. Lakini ile mistari miwili uliyoinakili inanitosha kuelewa kwa nini mtu mzoefu angesimama. Nitakupitisha njia yote, kona moja baada ya nyingine.

Aota ikitoka moyoni hupanda, hupinda kama kichwa cha bakora, kisha hushuka kuelekea tumboni. Juu ya mpindo ule huchipuka matawi makubwa matatu ya kupeleka damu kichwani na mikononi. Kwa kijana yote matatu huchipuka karibu na kilele. Umri ukienda, na presha ikisukuma miaka nenda miaka rudi, aota hurefuka. Chini imeshikwa, kwa hiyo urefu ule hutokea juu: kilele hupanda, na tawi la kwanza, lile la kulia, linabaki chini kwenye mteremko. Namna ya kupima ni nyepesi. Unachukua kimo kutoka kilele cha tao hadi tawi la kwanza linapochipuka, unakilinganisha na upana wa karotidi ya kushoto. Kikiwa chini ya upana mmoja ni aina ya 1. Kikiwa kati ya mmoja na miwili ni aina ya 2. Kikizidi miwili ni aina ya 3, na hapo ndipo alipo mama.

Sasa fikiria katheta iliyotoka kinena. Inapanda aota yote, inavuka kilele, inashuka ng'ambo ya pili, halafu hapo hapo inatakiwa igeuke na kupanda tena kuingia tawi la kulia. Anayesukuma yuko kinena. Nguvu yake inapofika kwenye kilele haitaki kugeuka, inataka kuendelea kushuka kuelekea moyoni. Nimeona mara nyingi: ncha iko vizuri shingoni, daktari anasukuma kidogo ili apande zaidi, na badala ya kupanda, tumbo la katheta linatumbukia kuelekea moyoni na kuichomoa ncha kutoka shingoni. Unaanza upya. Na kila ukianza upya unakwangua ukuta wa aota, ambao kwa mtu wa umri huo unaweza kuwa na mafuta yaliyoganda. Kipande kikibanduka kinakwenda ubongoni, na hicho ni kiharusi.

Hiyo ni kona ya kwanza. Ya pili ni kile kitanzi cha shingoni. Karotidi ya ndani ya watu wengi hupanda shingoni karibu imenyooka. Ya mama inapanda, inajizungusha duara nzima, kisha inaendelea. Ya tatu kila binadamu anayo: karotidi ikishapenya mfupa wa chini ya fuvu hujikunja kama herufi S, sehemu inayoitwa sifoni. Ya nne ni pale karotidi inapoisha na kugawanyika, ateri moja ikienda pembeni na nyingine ikielekea katikati. Anurizimu ya mama iko njia ya katikati, na tawi hilo mara nyingi huchipuka kwa kona kali.

Watu hudhani kona nne ni taabu mara nne ya kona moja. Sivyo zinavyofanya kazi. Chukua kamba, izungushe kwenye nguzo mara moja, uvute ncha moja huku mwenzako ameshika nyingine. Inateleza kwa shida kidogo. Izungushe mara tatu: mtoto mdogo akishika ncha anaweza kumzuia mtu mzima anayevuta upande wa pili. Msuguano wa kitu kinachopita kwenye kona haujumlishwi, unazidishwa. Kila mzunguko unazidisha ule uliotangulia. Kwa hiyo daktari anahesabu jumla ya digrii zote ambazo katheta imegeuka tangu kinena, na urefu wa njia ni jambo dogo mbele ya hesabu hiyo. Kitanzi kimoja cha shingoni peke yake ni digrii 360, kabla hujahesabu tao, sifoni wala ile njia panda ya mwisho.

Vifaa vyenyewe vinaingiana. Katheta ya kuongoza ina unene wa milimita 2 hivi, ndani yake hupita katheta ya kati iliyo laini, ndani ya hiyo katheta ndogo isiyofika milimita 1, na ndani kabisa waya wa milimita 0.36. Kila kimoja kinategemea kilichokibeba kisitikisike. Ya nje ikicheza kifuani, ya ndani inacheza kichwani.

Na hapa ndipo kwenye hatari yenyewe. Daktari anasukuma sentimita mbili mkononi, na kwenye kioo ncha haijasogea hata kidogo. Zile sentimita mbili hazijapotea. Zimejificha kwenye kona, katheta imejibana kwenye ukuta wa nje wa kila mpindo kama springi iliyokandamizwa. Waya ukivutwa kidogo, au msuguano ukiachia mahali, zote hutoka kwa mkupuo mmoja na ncha inaruka mbele. Ukuta wa anurizimu ni mwembamba kuliko ukuta wa ateri yenyewe. Ncha ikirukia ndani ya kifuko inaweza kukitoboa, na damu inamwagika ubongoni kwa mtu aliyeingia chumbani akitembea kwa miguu yake.

Siku moja niliona mruko wa namna hiyo. Mgonjwa alikuwa mwanamke wa umri wa mama yako, na karotidi yake ilikuwa imejikunja sehemu mbili. Ncha ilikuwa imetulia chini ya sifoni kwa dakika nyingi, mkono wa daktari unasukuma, kioo hakijibu. Kisha ikaruka, nakadiria sentimita moja na nusu, ikasimama ndani ya ateri, chini kidogo ya mdomo wa anurizimu. Haikugusa kitu. Chumba kizima kilinyamaza. Daktari alivuta vifaa vyote nje taratibu, akavua glovu, akaniambia nipige picha za mwisho kuhakikisha ateri zote ziko wazi. Mgonjwa alirudishwa wodini bila koili hata moja. Nje ndugu zake walilia kama mlivyolia nyinyi. Mimi niliyeuona ule mruko nilitamani kutoka nje nikawaambie wamshukuru Mungu kwamba yule mtu alijua kusimama.

Kuhusu mlango mwingine: upo, na kwa karatasi ya mama unastahili kuulizwa. Ateri ya mkononi, pale tunapopima mapigo. Ukiingilia kifundo cha mkono wa kulia unafika kwenye shina la tawi la kulia bila kuvuka kilele cha tao. Kona ya kwanza, ile iliyokuwa inatupa nguvu kuelekea moyoni, unaiondoa. Unapata nyingine ya kugeuka kutoka ateri ya bega kuingia karotidi, lakini hiyo mara nyingi inakubali. Kitanzi kinabaki. Kwa hicho hutegemewa katheta ya kati iliyo ndefu na laini, inayopita ndani ya kitanzi bila kukilazimisha kunyooka, ili katheta ndogo ianzie safari yake juu ya kitanzi na isianzie chini yake.

Maswali matatu ya kwenda nayo kliniki. La kwanza, je, mama ana picha ya CT ya ateri kuanzia kifuani hadi utosini, au ile ya kichwa tu? La pili, mkono wa kulia unafaa? La tatu, mdomo wa kifuko una upana gani? Madaktari wanauita shingo ya anurizimu, mimi nauita mdomo usije ukachanganya na shingo ya mama.

Mgeni_wa_Juzi

Kwa maoni yangu msizunguke. Wafungue fuvu, wabane na klipu, basi. Shangazi yangu alifanyiwa hivyo na kile kitu hakijarudi. Hizi nyaya zinabahatisha.

MkonoWaKulia

Nimeingia baada ya kuona MezaYaPicha ametaja mkono, kwa sababu mimi ni mmoja wa waliotibiwa kupitia mkono.

Anurizimu yangu ilikuwa kwenye karotidi ya kushoto, karibu na ateri ya jicho, milimita 9, mdomo mpana. Kwa kawaida mkono wa kulia si njia rahisi ya kufikia karotidi ya kushoto, kwa sababu tawi la kushoto huchipuka lenyewe kwenye tao, na katheta inayotoka kulia inabidi ishuke kwenye aota kisha irudi juu. Lakini waliponipiga CT kuanzia kifuani wakakuta karotidi yangu ya kushoto inachipuka kwenye shina lile lile la kulia. Wanaliita tao la ng'ombe, ingawa daktari wangu aliniambia ng'ombe mwenyewe hana tao la namna hiyo, jina lilikosewa likaganda. Watu wengi tu wanalo na hawajui. Kwa aliyetoka kinena umbo lile ni kero. Kwa aliyetoka mkono wa kulia lilikuwa kama barabara iliyochongwa kwa ajili yangu. Mtoto wa Tatu, mwambie mama kwamba hakuna ateri mbovu katika habari hii. Umbo moja linakuwa zuri au baya kulingana na mlango uliochagua.

Mimi sikuwekewa koili. Niliwekewa stenti ya kuchepusha damu, ule wavu mwembamba wa nyuzi za chuma unaokaa ndani ya ateri na kupita mbele ya mdomo wa kifuko. Damu inaendelea na ateri, ndani ya kifuko inapungua mwendo, inaganda, na ukuta mpya unajijenga juu ya wavu polepole. Nilielezwa kwamba ateri ikiwa imenyooka wavu unafunika karibu theluthi ya eneo lake, lakini kwenye kona matundu ya upande wa nje yanafunguka na ya ndani yanabanana. Kifuko changu kilikuwa upande wa nje wa kona. Kwa hiyo daktari alikuwa anasukuma wavu kidogo kidogo wakati wa kuufungua ili uzi ujikusanye pale pale kwenye mdomo. Baada ya miezi sita bado kulikuwa na kijidamu kinaingia. Picha ya mwaka mmoja ilikuwa safi.

Jambo ambalo hawalisisitizi vya kutosha: ukiwekewa stenti utameza dawa mbili za kuzuia damu isigande, kwangu aspirini na klopidogreli, na kuziacha kiholela ni hatari kubwa. Mama akiwa na vidonda vya tumbo au ana upasuaji mwingine unaokuja, semeni mapema.

Mkono wenyewe uliuma siku mbili, michubuko ya zambarau wiki moja. Jioni ile ile nilikaa kitandani, hakuna aliyeniambia nilale chali saa nyingi kama wale wa kinena.

Mtoto_wa_Tatu

Nimesoma yote mara mbili, ya MezaYaPicha nikamsomea mama kwa sauti. Aliponisikia kwenye ule mfano wa kamba na nguzo akasema, "Kumbe." Ni neno la kwanza la maana amelisema juu ya jambo hili tangu tutoke hospitali. Mimi ni binti yake, kwa hiyo dada inatosha.

Nina mawili zaidi. Moja: je, kupinda kwa ateri ndiko kulikoleta anurizimu? Mbili: kwa nini hawakuona kabla ya kumlaza kwamba njia imepinda hivyo? MRI walikuwa nayo.

MezaYaPicha

Dada, umefurahisha moyo wangu na hiyo "kumbe".

La pili kwanza, maana jibu lake ni fupi. MRI ya kichwa inaanza kidevuni kwenda juu. Tao liko kifuani. Mtu akitazama picha ile hawezi kujua kwamba chini ya fremu kuna kitanzi. Wako madaktari wanaoagiza CT ya ateri toka kifuani kwa kila mgonjwa kabla ya kupanga, wako wanaosubiri kuona mezani. Mimi naamini kila mtu aliyepita miaka 60 na presha anastahili hiyo picha kabla hajapewa nusukaputi, na nalisema hilo kila ninapopata nafasi. Inatumia dawa ya rangi, kwa hiyo figo zipimwe kwanza.

La kwanza ni gumu zaidi. Kupinda na anurizimu wanachangia wazazi: umri na presha. Pia yapo maradhi ya kurithi ya nyuzi zinazoshika tishu, kwa mfano Loeys-Dietz, ambapo ateri hupinda sana na kuvimba pia. Lakini umbo lina mchango wake wenyewe. Anurizimu nyingi hukaa kwenye njia panda za lile duara la ateri chini ya ubongo ambalo Thomas Willis alilieleza mwaka 1664, au upande wa nje wa kona. Ni mahali damu inapogonga ukuta uso kwa uso badala ya kupita sambamba nao. Miaka mingi ya kugongwa, ukuta unachoka. Kwenye ile sehemu ya mama, mara nyingi utakuta ateri ya mbele ya upande mmoja ni nene na ya upande wa pili ni nyembamba, basi damu yote ya pande mbili inatoka upande mmoja na kugonga pale kwenye kiungo. Ndiyo maana hawakuwa na hiari ya kutumia karotidi ya kushoto hata kama ingekuwa imenyooka. Kaulizeni, ila kwa kuwa walihangaika na ya kulia, nahisi ya kulia ndiyo inayolisha kile kifuko.

Na umbo linaendelea kuamua hata ukishafika. Kifuko kikitazama mbele kwenye mstari wa ateri, katheta ndogo inaingia karibu yenyewe. Kikitazama nyuma au juu, ncha inabidi ikunjwe kabla: wanaiweka juu ya kiwaya kigumu kilichopindwa umbo wanalotaka, wanaishika kwenye mvuke, inapoa imeshika umbo lile. Nimemwona daktari akirudia kukunja ncha mara tano, akiitazama, akitazama picha ya kuzunguka niliyompigia, akirudi kwenye mvuke. Kwangu mimi pale ndipo ustadi wenyewe ulipo, kabla kitu chochote hakijaingia mwilini.

Halafu mdomo. Ukiwa chini ya milimita 4, na kifuko kikiwa na upana angalau mara mbili ya mdomo wake, koili zinakaa ndani. Ukiwa mpana zaidi zinataka kuchungulia nje, kwenye ateri, na damu ikigandia pale inaziba ateri nzima. Hapo huongezwa puto la kuziba mdomo kwa muda wakati wa kujaza, au stenti ya kuzizuia. Stenti na katheta yake ni ngumu zaidi kuliko koili, kwa hiyo tunarudi kwenye kona zile zile: mdomo mpana unadai kifaa kigumu, na njia iliyopinda inakikataa.

Mgeni wa Juzi, sikupuuzi, namshukuru Mungu kwa ajili ya shangazi yako. Klipu ni tiba ya kweli na ikikaa vizuri mara nyingi inadumu kuliko koili. Kwa mama, ikiwa mkono nao utashindikana, klipu iwe mezani bila aibu, maana anayefungua fuvu hahitaji kupita taoni wala kwenye kitanzi. Lakini "zinabahatisha" sikubali. Kabla ya koili kulikuwa na puto za daktari Serbinenko kule Moscow, na shida ya puto ni kwamba lina umbo lake, halifuati umbo la kifuko. Daktari Guglielmi alipoanza kutumia koili laini za platinamu kwa wagonjwa huko Marekani mwaka 1990, zilijikunja kulingana na kifuko chenyewe. Baadaye ukaja utafiti wa ISAT, uliolinganisha koili na klipu, matokeo yakatoka 2002: kati ya waliotibiwa kwa koili, 23.7% walikuwa wamefariki au wanategemea wengine baada ya mwaka, na kwa klipu 30.6%. Hao wote walikuwa wamepasukiwa, tofauti na mama. Na kitu ninachotaka mkione ni hiki: walichunguzwa watu 9,559, wakagawanywa kwa kura 2,143 tu, wale ambao madaktari wa pande zote mbili waliona njia yoyote ingewafaa. Mtu ambaye umbo la ateri zake liliamua mapema kwamba njia moja haifai, hakuingia kwenye kura. Takwimu ile haiwezi kumchagulia mama. Picha yake ndiyo inayomchagulia.

Na dada, waulize pia kuhusu kutofanya kitu kwa sasa. Anurizimu nyingi hazipasuki maisha yote. Wanapima umri, presha, ukubwa, mahali ilipo, kama mtu aliwahi kuvuja damu ubongoni, na wanalinganisha na hatari ya kuingia. Njia ikiwa imepinda sana, upande wa hatari wa mizani unakuwa mzito. Mahali ilipo ya mama na milimita 7 kunawafanya wengi wapende kutibu, lakini swali liulizwe. Na presha ishushwe leo, si baada ya kliniki. Kama kuna anayevuta sigara karibu naye, akavutie mbali.

Mtoto_wa_Tatu

Narudi kama nilivyoahidi, tumetoka kliniki jana.

CT ya kutoka kifuani ilipigwa wiki iliyopita, figo zilikuwa sawa. Daktari alituzungushia picha kwenye kioo. Nililiona tao lenyewe, lile tawi la kulia limechipuka chini kabisa kama ulivyoandika, na kile kitanzi. Kaka yangu alikuwepo. Alikitazama kile kitanzi muda mrefu, akauliza, "Hapa ndipo mlipopita?" Daktari akamwambia, "Hapa ndipo tulipojaribu mara nne." Kaka akampa mkono. Hakusema neno, lakini nyumbani hajarudia yale maneno ya ujuzi.

Ateri ya mbele ya kushoto ni nyembamba kama uzi, kwa hiyo ulihisi sawa, ni kulia tu. Mdomo una milimita 3, koili zinatosha, stenti hawaitaki. Wataingilia kifundo cha mkono wa kulia, ateri yake ina milimita 2.4 na wamesema inatosha. Daktari wa klipu alikuwa chumba kile kile, akasema yuko tayari ikishindikana. Siku imepangwa.

Nilimuuliza mama mbele yao kama anataka. Akamgeukia daktari, akamwambia: "Ukiona vibaya tena, baba, simama tena. Safari hii nitajua kwa nini."

MezaYaPicha, kuna kitu cha kuandaa?

MezaYaPicha

Mkono wa kulia asivae bangili wala saa siku hiyo, na kucha za mkono huo zisipakwe rangi, huwa tunaweka kipimo cha hewa kidoleni. Sindano ya dripu mwombe nesi aiweke mkono wa kushoto. Na mwambie radiografa wa zamu kwamba mna CT ya kuanzia kifuani, aifungue kwenye kioo cha pili kabla mama hajaingia, ili tao na kitanzi vionekane tangu mwanzo.